James Brown na Wimbo Uliompa Mmoja Jina la Wengi

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba wimbo huwa na wenyewe wengi. Yuko aliyetunga maneno, yuko aliyetia sauti, yuko mpiga udi na mpiga fidla, wako wanaoitikia, na yuko yule mmoja anayesimama mbele akatunzwa pesa na kutajwa jina. Ndiyo maana wazee wetu watunzi walikuwa na hadhari. Walipofika tamati ya utenzi, wengi wao walilitia jina lao ndani ya beti, pengine na la baba na la mji, ili karatasi ikisafiri jina lisibaki nyuma. Walijua kuwa sauti husifiwa upesi kuliko mkono ulioandika.

Leo nataka kuwaeleza wasomaji kisa cha wimbo mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 1956. Maneno yake ni machache mno, na kubwa lao ni lile la mtu aombaye: tafadhali. Wimbo huo ulimtoa James Brown katika umaskini ukamfanya mtu wa kujulikana dunia nzima. Lakini wimbo huohuo ulivunja kundi la vijana waliomwokota alipokuwa hana pa kwenda. Wengi waandikao habari zake huanza na ufalme wake na kusahau kundi hilo. Mimi nitaanza na kundi, kwani bila hilo ufalme usingalikuwapo.

James Brown alizaliwa tarehe 3 Mei 1933 katika kibanda cha mbao karibu na mji wa Barnwell, jimbo la South Carolina. Yasemekana alipotoka tumboni hakulia, na jamaa wakadhani ni maiti, hata bibi mmoja wa jamaa zake akampulizia pumzi ndipo akalia. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi mama yake aliondoka nyumbani. Baba yake, mfanyakazi wa vibarua, alimchukua mpaka Augusta, jimbo la Georgia, akamwacha kwa shangazi aliyekuwa na nyumba ya danguro. Humo ndimo mtoto yule alimokulia. Alipiga viatu rangi, akaokota pamba, akacheza ngoma mbele ya askari wa kambi ya jirani ili watupe senti. Shuleni alipata kurudishwa kwa sababu ya nguo zake mbovu, na jambo hilo hakulisahau mpaka kufa kwake.

Mwaka 1949, akiwa na miaka 16, alikamatwa kwa kuiba vitu ndani ya magari. Hukumu aliyopewa ilikuwa kifungo cha miaka 8 mpaka 16, kama kwamba alikuwa jambazi mzima. Gerezani aliimba nyimbo za kanisani, na wafungwa wenziwe wakampa jina la Sanduku la Muziki. Baadaye gereza hilo la vijana lilihamishiwa Toccoa, mji mdogo ulio katika vilima vya Georgia. Hapo ndipo Mola alipomkutanisha na mtu atakayebadili maisha yake.

Mtu huyo ni Bobby Byrd, kijana wa Toccoa, mdogo kwa James kwa mwaka mmoja na ushei. Vijana wa mji walikuwa wakienda kucheza besiboli na wale wafungwa, na Byrd akavutwa na mfungwa huyu mwenye sauti. Akawaeleza watu wa nyumbani kwao. Familia ya Byrd haikuwa ya matajiri, lakini ilikuwa na heshima mjini, nayo ikasaidia kumtoa. Tarehe 14 Juni 1952 James Brown aliachiliwa kwa sharti kwamba asirudi Augusta. Basi akawa mtu aliyekatazwa kwao na asiye na kwake. Akina Byrd wakampokea wakampa mahali pa kulala. Dada yake Byrd akamtia katika kundi lake la kuimba kanisani, na muda si mrefu James akajiunga na kundi la Byrd mwenyewe.

Naomba msomaji alitie moyoni jambo hilo, kwani ndio msingi wa kisa chote. Kundi lilikuwa la Byrd. Lilikuwapo kabla ya James kuingia, na aliingia kwa hisani. Kwanza waliimba nyimbo za dini, kisha wakaingia katika muziki wa densi wa watu weusi uliokuwa ukiitwa ridhimu na bluzi. Majina yalibadilika mara kadha mpaka wakatulia juu ya jina la Flames, maana yake ndimi za moto. Pamoja na Byrd na James walikuwamo Sylvester Keels, Nash Knox, mpiga gitaa Nafloyd Scott, na Johnny Terry ambaye James alijuana naye gerezani. Waliimba kwa zamu, na hakukuwa na mkubwa wala mdogo.

Siku moja mwimbaji Little Richard alipita Toccoa na bendi yake. Ilipofika saa ya mapumziko vijana hawa walipanda jukwaani wakaimba, na Little Richard akawaona kuwa si watu wa kubaki katika mji mdogo. Wakaambiwa wamtafute meneja wake, Clint Brantley, katika mji wa Macon. Wakaenda, naye akawachukua. Ilipofika mwisho wa mwaka 1955, wimbo wa Little Richard uitwao Tutti Frutti ulivuma Marekani nzima, naye akaondoka Macon na kuacha nyuma ahadi za dansi ambazo hakuzitimiza. Brantley alimtuma James akazitimize, na mara nyingine aliimba kwa jina la Little Richard mwenyewe. Mtu ambaye baadaye alikuwa mkali sana juu ya jina lake alianza kazi kwa kuazima jina la mwenziwe.

Wimbo wenyewe, uitwao Please, Please, Please, ulizaliwa katika siku hizo. Asili yake ni wimbo mkongwe wa bluzi, Baby Please Don't Go, ambao kundi la Orioles liliurekodi tena. Flames walikuwa wakiuimba katika dansi, wakawa wanaubadili kidogo kidogo mpaka ukawa kitu kingine. Marehemu Etta James, mwimbaji aliyemjua James tangu siku hizo, alisimulia kuwa James alikuwa akitembea na kitambaa cha karatasi kilichochakaa, ambacho Little Richard alimwandikia neno hilo moja, naye akasema atalifanyia wimbo. Huenda visa vyote viwili ni kweli. Wimbo haunyeshi kama mvua ya ghafla. Hukusanywa kama maji ya kisima, yakichirizika kutoka pande nyingi.

Maneno yake hayana fumbo. Mtu anamwomba mpenzi wake asimwache, basi. Kwa mtunzi aliyelelewa juu ya vina na mizani, akazoea kuvua maana kama lulu, maneno hayo ni haba. Lakini nimeisikiza santuri hiyo mara nyingi, na naweza kusema kuwa uzito wake haumo katika maneno. Mwimbaji analishika neno lile moja, analivuta, analikatakata, analipiga ukelele, na kila linaporudi lina uchungu mwingine. Nyuma yake wenziwe wanaitikia taratibu, kwa utulivu, kama watu wamshikao mkono mfiwa. Ukiwatoa wale wenziwe, kilio kile kinabaki kelele. Wao ndio waliofanya kelele ikawa wimbo.

Mwishoni mwa mwaka 1955 waliurekodi kwa majaribio katika kituo cha redio cha WIBB huko Macon. Nakala yake ikafika masikioni mwa Ralph Bass, mtafuta vipaji wa kampuni ya King Records ya Cincinnati. Bass alijua kuwa Leonard Chess wa Chicago naye anautaka, na hali ya hewa mbaya ilikuwa imemzuia Chess kusafiri. Bass hakungoja. Aliendesha gari katika mvua mpaka Macon na kuwatia sahihi vijana wale mwezi Januari 1956 kwa dola 200.

Tarehe 4 Februari 1956 waliingia katika studio ya King. Mwenye kampuni, Syd Nathan, aliposikia kijana analia neno moja mfululizo, alikasirika. Aliona ni upuzi na kutupa pesa, na inasimuliwa kuwa alitaka kumfukuza kazi Bass kwa kumletea takataka. Bass akashikilia kwamba utolewe, hata kama ni katika mji wa Atlanta peke yake kwanza, watu waamue. Ukatolewa mwezi Machi kwa nembo ya Federal, tawi la King. Watu wakaamua. Ulipanda mpaka nafasi ya 6 katika orodha ya nyimbo za ridhimu na bluzi, na kadiri miaka ilivyokwenda santuri zilizouzwa zikapita milioni.

Lakini santuri ile ilipofika mikononi mwa vijana wa Toccoa, furaha yao iliingia doa. Pale katikati, kwenye karatasi ya duara, halikuandikwa jina la kundi peke yake. Liliandikwa jina la James Brown, na kundi likafuata kama mkia. Na kwa upande wa watunzi waliotajwa ni wawili, James Brown na Johnny Terry. Byrd, mwenye kundi, hakutajwa popote.

Jambo hili mimi nalielewa vizuri. Nikiwa kijana nilitunga shairi la harusi, likachukuliwa na kundi moja la taarabu la mji wetu. Usiku wa arusi nilisimama nje na watu wengine nikasikia beti zangu zikitunzwa, na jina lililotajwa lilikuwa la mwimbaji. Sikudhulumiwa shamba wala nyumba, na shairi lenyewe halikuwa kubwa. Hata hivyo mpaka leo nakumbuka rangi ya taa zilizokuwa zimetundikwa. Sembuse mtu aliyempokea mwenziwe kutoka gerezani akamlaza nyumbani kwao!

Mwaka uliofuata mambo yakazidi. Nyimbo 9 walizotoa baada ya ule wa kwanza zote zilianguka. Mwaka 1957 wakala wao mpya, Ben Bart, akaamua kuwa kundi liwe la James Brown waziwazi, na wenziwe wawe waajiriwa wake. Vijana wa Toccoa wakakataa. Wakaondoka wakarudi kwao, naye James akabaki na jina na wimbo mmoja. Alilitengeneza tena kundi kwa watu wengine, na mwaka 1958 akatoa wimbo wa Try Me, ambao mwanzoni mwa 1959 ulifika nafasi ya kwanza. Hapo akaokoka. Byrd naye, kwa moyo ambao si kila mtu anao, alirudi. Akasimama nyuma ya mtu aliyekuwa mgeni wake, akaitikia kwa miaka mingi mpaka 1973.

Tangu hapo James Brown hakurudi nyuma. Tarehe 24 Oktoba 1962 alirekodi onyesho lake katika ukumbi wa Apollo, Harlem, New York. Nathan alikataa kulipia, akidai hakuna atakayenunua nyimbo ambazo watu wanazo tayari, na James akatoa dola 5,700 za mfukoni mwake. Santuri hiyo ilitoka 1963 ikakaa wiki 66 katika orodha ya santuri kubwa za Marekani. Kiini cha maonyesho yake kilikuwa uleule wimbo wa kwanza. Akifika katikati yake alianguka magotini kama mtu aliyekwisha nguvu. Hapo hutoka Danny Ray, mtangazaji wake wa jukwaani, akamvika joho begani na kumwondoa taratibu. Hatua chache, James hulitupa joho, akarudi mbele na kuanguka tena. Alisema mtindo huo aliuiga kwa mchezaji mieleka aliyeitwa Gorgeous George. Watu walijua itakavyokuwa, na kila usiku walilia upya.

Kisha akazaa muziki mpya. Katika wimbo wa Papa's Got a Brand New Bag wa 1965, na zaidi katika Cold Sweat wa 1967, aligeuza mambo yote. Uzito aliuweka juu ya pigo la kwanza, gitaa akaliamuru likwaruze badala ya kuimba, tarumbeta zikawa zapiga mara moja na kunyamaza. Kila chombo kikawa ngoma. Muziki huo ndio ulioitwa fanki. Mtu wa kwetu aliyekulia katika msondo, vumi na chapuo haoni ugumu kuuelewa: kila mmoja anapiga kidogo, na hakuna anayemwingilia mwenziwe, lakini zikikutana mtu hawezi kukaa kitako.

Nilipokuwa mtoto wa chuoni hapa pwani, kaka zetu wakubwa walikuwa na santuri zake. Twatoka kwa mwalimu na juzuu kwapani, twapita dirishani twasikia ukelele wake, na ndani vijana wenye nywele za duara na suruali pana miguuni wanajifunza kuteleza kwa unyayo mmoja. Wazee hawakupendezwa, na walikuwa na sababu zao. Lakini hata wao walijua kuwa mtu huyo mwaka 1968 aliwafundisha watu weusi wa Marekani kutoona haya kwa rangi yao, na kwamba tarehe 5 Aprili mwaka huohuo, siku ya pili ya kuuawa Martin Luther King, onyesho lake la Boston lilionyeshwa katika televisheni, na watu wakakaa majumbani wakati miji mingine inaungua. Na mwezi Septemba 1974 alikuja Kinshasa, akapiga muziki katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Pigano lenyewe liliahirishwa mpaka 30 Oktoba kwa kuwa Foreman alichanika juu ya jicho, lakini wanamuziki hawakungoja. Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba walipanda jukwaa hilohilo.

Pamoja na sifa hizo, ile kasoro ya karatasi ya santuri ilimfuata. Alikuwa bwana mkali kwa wapigaji wake. Aliyekosea noti alitozwa faini, na aliyepanda jukwaani na viatu visivyong'aa alitozwa pia. Mwezi Machi 1970 bendi ilipodai haki zake, aliwaacha wakaondoka, akaleta kwa ndege vijana wa Cincinnati, miongoni mwao Bootsy Collins aliyekuwa na miaka 18. Mpiga ngoma wake, Clyde Stubblefield, alipiga katika wimbo wa Funky Drummer mpigo ambao baadaye ulichukuliwa na kutumiwa tena katika nyimbo nyingi sana za rapu. Jina lake halikuwamo miongoni mwa watunzi, na alikufa mwaka 2017 bila ya kupata fungu la maana. Na mwenyewe James, baada ya kupanda sana, alianguka. Mwaka 1988, akiwa amezongwa na madawa ya kulevya, alikimbizana na polisi kwa gari, akahukumiwa kifungo cha miaka 6. Alitoka Februari 1991. Ule mlango aliotolewa na akina Byrd alikuwa ameuingia tena kwa miguu yake.

James Brown alifariki Atlanta tarehe 25 Desemba 2006, umri wake miaka 73. Maiti yake ilichukuliwa kwa gari la farasi mpaka Apollo, maelfu wakapanga foleni kumwaga. Sisi huharakisha kumsitiri maiti. Yeye hakuzikwa mpaka tarehe 10 Machi 2007, kwa kuwa walio nyuma hawakupatana. Katika wasia wake alikuwa ameacha sehemu kubwa ya mali isomeshe watoto maskini wa South Carolina na Georgia, pengine akikumbuka siku aliporudishwa shule kwa nguo mbovu. Kesi za mirathi zilikwenda mpaka mwaka 2021 ndipo pakawa na mapatano, na mwisho wa mwaka huo haki za nyimbo zake na mali nyingine zikauzwa kwa kampuni ya Primary Wave kwa kiasi cha dola milioni 90, kama ilivyoripotiwa. Kwa miaka 15 hivi watoto wale maskini walingoja huku mawakili wakila.

Bobby Byrd alimfuata mwenziwe upesi, tarehe 12 Septemba 2007. Mwaka 1986 James alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki huko Marekani, peke yake. Ilichukua miaka 26 kabla ya wakubwa wa jumba hilo kukiri kuwa Famous Flames wamerukwa, na mwaka 2012 wakawaingiza Bobby Byrd, Johnny Terry, Bobby Bennett na Lloyd Stallworth. Byrd alikuwa kaburini mwaka wa tano. Na Bennett na Stallworth, ingawa walistahili kwa kazi yao, walijiunga baadaye. Keels, Knox na Scott, walioimba na kupiga siku ile ya Februari 1956, hawakutajwa hata hapo.

Sisemi haya kumtoa James Brown sifa. Kipaji kilikuwa chake, na juhudi zake zingaliwachosha watu kumi. Yamkini bila yeye tusingalisikia hata jina la Toccoa. Lakini kipaji na hisani ni vitu viwili, na kimoja hakilipi deni la kingine. Vijana wetu wanaoanza bendi leo, wanaorekodi wimbo usiku mmoja na kuutoa asubuhi, ningewashauri wakae chini kabla ya wimbo kuvuma, waandike nani katunga, nani kapiga, nani kaitikia, na kila mmoja apate nini. Wakati wa njaa maneno hayo ni mepesi. Wimbo ukishavuma, hayasemeki tena bila ya kuvunja udugu.